Mkondo, mchepuo, tahasusi: njia zilizomo ndani ya shule ya kata

Mwezi wa kwanza, shule zilipokuwa zimefunguliwa siku chache tu, tuliitwa kikao cha wazazi wa kidato cha kwanza katika sekondari ya kutwa anayosoma kijana wangu, hapa Usa River, Arusha. Tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa mbao, vumbi la barabara likiwa kwenye viatu vya kila mtu. Mwalimu wa taaluma alieleza vizuri, lakini kwa haraka ya mtu aliyekwisha kuyasema maneno yaleyale miaka mingi: shule yetu ina mikondo minne, tunatoa mkondo wa jumla tu, mkondo wa amali bado hatujapata, na mambo ya tahasusi mtayakuta mbele ya safari. Mama mmoja aliyekuwa amepitia soko la Tengeru, kikapu chake cha ndizi kikiwa katikati ya miguu, akanyoosha mkono.

"Samahani Mwalimu. Umesema mikondo ni minne. Halafu umesema mkondo ni mmoja. Sasa mwanangu yuko kwenye upi?"

Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu mwaka mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimeona kwa macho yangu familia yangu ikilipa gharama ya kutouliza swali kama hilo.

Shule ya kata ukiitazama kutoka barabarani ni majengo machache, mlingoti wa bendera na tangi la maji. Ndani yake kuna njia kadhaa zinazoachana, na mtoto huingizwa kwenye njia hizo kwa karatasi ndogo ndogo ambazo mzazi huzitia saini jioni, akiwa amechoka, bila kuambiwa kwamba hapo anaamua jambo. Ndiyo maana naandika haya.

Tuanze na ile mikondo minne. Hiyo ni hesabu ya madarasa tu: Kidato cha Kwanza A, B, C na D. Wote wanasoma masomo yaleyale. Wazazi wengi huumia mtoto akipangwa D, wakidhani ni darasa la wasioweza. Zipo shule zinazopanga kwa alama na zipo zinazopanga kwa kufuata orodha ya majina. Mwalimu wa darasa atakujibu ukimuuliza. Mkondo wa namna hii haufungi mlango wowote.

Maana ya pili ya mkondo ndiyo yenye uzito. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua Dodoma mwanzoni mwa 2025, imeigawa sekondari ya chini katika njia mbili: elimu ya jumla na elimu ya amali. Wa jumla anasoma masomo tuliyoyazoea, pamoja na mapya kama Elimu ya Biashara na Historia ya Tanzania na Maadili. Wa amali naye anasoma masomo ya jumla, ila sehemu kubwa ya muda wake inakwenda kwenye fani: umeme, uashi, useremala, ushonaji, kilimo na ufugaji, upishi, michezo au muziki, kutegemea shule ina nini. Amali ilianza Januari 2024 katika shule chache nchini. Mtaala mpya wa jumla ukawafikia kidato cha kwanza Januari 2025. Kwa hiyo mtoto aliyeingia kabla ya hapo bado anamaliza kwa mtaala wa zamani, na ndugu wawili wa nyumba moja wanaweza kuwa wanasoma mitaala miwili tofauti ndani ya uzio mmoja. Usimpe mdogo ushauri uliompa mkubwa bila kuangalia yuko upande gani.

Amali si shule ya walioshindwa. Nalisema hili kwa sababu nimelisikia kwenye daladala, nimelisikia kanisani, na mzazi mmoja aliwahi kuniambia hataki mwanawe "apelekwe gereji". Karakana ni ghali. Shule ya amali inahitaji mashine, umeme wa uhakika, vifaa vinavyotumika na kuisha, na mwalimu aliyefanya kazi ile kwa mikono yake. Shule nyingi za kata hazina hivyo bado, na ndiyo sababu mwalimu wetu alisema "bado hatujapata".

Neno la pili, mchepuo, linatoka kwa wazee wetu. Azimio la Arusha lilipopitishwa 1967, Mwalimu Nyerere alifuatisha Machi mwaka huohuo andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule zitoe vijana wanaojua kufanya kazi. Miaka ya 1970 sekondari za serikali zikagawiwa michepuo: kilimo, biashara, ufundi na sayansikimu. Mzee aliyesoma wakati ule, ukimuuliza alisoma nini, hatakutajia kwanza daraja alilopata. Atakwambia, "Nilikuwa mchepuo wa kilimo," kisha atakueleza habari za nguruwe wa shule. Shule za ufundi kama ile ya Moshi ziliendelea kulibeba jina hilo, lakini sehemu nyingine jembe la trekta likaota kutu na cherehani zikafungiwa stoo. Fedha za vifaa zilikuwa ngumu, walimu wa fani walistaafu bila warithi, na mtihani wa mwisho ukabaki kumpima mtoto kwa kalamu. Mtu akikwambia amali ni mchepuo uliorudi, hajakosea sana. Mimi ningependa tu tukumbuke ule wa kwanza ulifia wapi.

Halafu ikaja shule ya kata yenyewe. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulianza 2004, na Edward Lowassa, mbunge wa Monduli, alipokuwa Waziri Mkuu kuanzia mwisho wa 2005 hadi Februari 2008, alisukuma kila kata ijenge sekondari yake. Watu wa Kilimanjaro na Meru walikuwa na uzoefu. Huku ndiko fedha za kahawa zilikojenga madarasa tangu zamani. Tofali zilifyatuliwa, mchanga ukabebwa. Mwaka 2014 na 2015 tukachangishwa tena, safari hii maabara tatu kwa kila shule: Fizikia, Kemia, Baiolojia. Maabara hizo nazikumbusha kwa makusudi, maana zinatufikisha kwenye karatasi iliyoiumiza familia yangu.

Kwa mtaala wa zamani, mwanafunzi anapoingia kidato cha tatu anachagua masomo. Hisabati, Kiswahili, Kiingereza, Uraia, Historia, Jiografia na Baiolojia ni ya lazima. Fizikia na Kemia anaweza kuyaacha. Watoto wanasema "nimedropu fizikia" kama wanavyosema wamevua sweta. Wale wanaoyaacha hujiita watu wa atsi, yaani masomo ya sanaa, na kwa siku chache kunakuwa na nafuu kubwa: vipindi vimepungua, mwalimu mkali hayupo tena, wastani unapanda.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, alisoma sekondari ya kutwa ambayo sitaitaja. Tangu darasa la tano alikuwa anasema atakuwa nesi. Shule yao kwa miezi mingi haikuwa na mwalimu wa Fizikia; kijana wa kujitolea alikuja, akapata ajira, akaondoka. Ilipofika karatasi ya kuchagua masomo, binti akaacha Fizikia, akabaki na Kemia na Baiolojia. Hoja yake ilikuwa na akili kabisa: nesi anashughulika na mwili na dawa, Fizikia ya nini? Dada alisaini. Mimi nilikuwepo mezani, nikiwa nakunywa chai, na nilimpongeza kwa kujua anachotaka.

Alifaulu. Alipata C ya Kemia na B ya Baiolojia. Tukaanza kutafuta chuo. Ndipo tulipoambiwa dirishani kwamba stashahada ya uuguzi, na ile ya utabibu vilevile, zinataka ufaulu wa masomo matatu: Kemia, Baiolojia na Fizikia. Hata D ingetosha. D ya Fizikia, yaani alama 30 kati ya 100. Dada yangu aliuliza mara mbili kama amesikia vizuri.

Sasa nenda taratibu hapa, maana ndipo penye fundo. Tahasusi ni yale masomo matatu ya kidato cha tano na sita, na kila moja huitwa kwa herufi: P ni Fizikia, C Kemia, B Baiolojia, M Hisabati, G Jiografia. Kuacha Fizikia peke yake kunafunga PCM, PCB, PGM na kila tahasusi nyingine ya zamani inayoanza na Fizikia. Kunafunga pia sehemu kubwa ya vyuo vya afya na vya uhandisi. Kuacha Kemia kunafunga PCM na PCB tena, na CBG, ambayo ni Kemia, Baiolojia na Jiografia. Kuacha yote mawili kunabakiza njia za historia, lugha, jiografia na uchumi, ambazo ni njia nzuri kwa anayezitaka. Hakuna mtu anayemlazimisha mtoto kufaulu Fizikia kwa A. Lakini kulibeba somo hadi mwisho na kupata D, kwa mtoto mwenye ndoto ya hospitali, kuna thamani kubwa kuliko wastani mzuri wa ripoti ya kidato cha tatu. Kama shule haina mwalimu, huo ndio mwaka wa wazazi kukaa na bodi ya shule na kusema, kwa sababu mtoto hawezi kulibeba peke yake.

Neno la tatu ni tahasusi, ambalo watoto wanaliita kombi. Ni yale masomo matatu niliyoyataja, ya kidato cha tano na sita. Tuliokua na PCB, EGM, HGL na HKL tulizijua kwa vidole. Mwaka 2024 ziliongezwa nyingine 49, zikafika 65, na ndani yake kuna za michezo, sanaa, biashara na elimu ya dini. Usijaribu kuzikariri. La kujua ni kwamba mtoto hujaza chaguo lake kwenye fomu inayoitwa Selform akiwa bado kidato cha nne, kabla hajajua atapata nini, na matokeo yakitoka, TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia mikoa na serikali za mitaa, hufungua dirisha kwenye mtandao ili aweze kubadilisha kwa namba yake ya mtihani. Dirisha hilo hufungwa. Watoto wengi huku wanakuwa wamekwenda kwa bibi au wameanza vibarua kwenye mashamba ya maua, wala hawajui kama lilifunguliwa.

Na matokeo yenyewe yanasomwaje? Hapa nimekuta hata wasomi wakikosea. Baraza la Mitihani huchukua masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Pointi chache ndiyo ushindi. Daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17, la pili 18 hadi 21, la tatu 22 hadi 25, la nne 26 hadi 33. 34 na 35 ni sifuri. Mtoto mwenye C saba tupu ana pointi 21, yuko daraja la pili. Mwenye D saba ana 28, yuko la nne.

Mchukue mtoto huyu: Kiswahili B, Historia C, Jiografia C, Baiolojia C, halafu Kiingereza, Kemia na Uraia D, Hisabati F. Jumlisha saba bora: 2, 3, 3, 3, 4, 4, 4. Pointi 23, daraja la tatu. Mama anashangilia, na ana haki. Lakini mtoto alikuwa amejaza CBG, na kwa kidato cha tano huangaliwa pia alama za masomo matatu ya tahasusi yenyewe. Kemia yake ni D. Alijaza pia HGL, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza, na Kiingereza ni D. Iliyo na nguvu zaidi kwake miongoni mwa zile za zamani ni HGK: Historia, Jiografia, Kiswahili. Asipoingia kwenye dirisha lile akaibadilisha, daraja la tatu lake linaweza kukaa ukutani. Daraja linakwambia amefaulu kiasi gani. Mstari wa masomo ndio unaokwambia anaweza kwenda wapi, kwa hiyo usome mstari mzima.

Akipangiwa kidato cha tano, jiandae kwa safari. Shule hizo nyingi ni za bweni na mtoto wa Usa River anaweza kupelekwa Tabora au Lindi. Ada ya kidato cha tano na sita iliondolewa kuanzia mwaka wa masomo 2022/23, lakini godoro, nauli ya basi na ndoo mbili hazikuondolewa.

Asiyepangiwa kidato cha tano hajaishiwa. Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwamba watoto wa huku wanaishi katikati ya vyuo wasivyovijua. Tengeru kuna chuo cha mifugo na kuna chuo cha maendeleo ya jamii. Olmotonyi kuna chuo cha misitu. Arusha mjini kuna Chuo cha Ufundi Arusha, kilichoanza 1978. Ukivuka kwenda Moshi kuna chuo cha viwanda vya misitu, kuna chuo cha ufundi stadi cha VETA, na kule mlimani Mweka kuna chuo cha wanyamapori kilichoanzishwa 1963, ambacho kimewafundisha wahifadhi kutoka nchi nyingi za Afrika. Watalii wanapita mbele ya nyumba zetu kila siku kwenda mbugani, na mtoto wa daraja la nne mwenye D ya Baiolojia hajui kwamba kazi ya mbuga ina mlango wa cheti. Kila chuo kina masharti yake ya masomo. Yatafuteni akiwa kidato cha pili, wakati bado hajachagua cha kuacha.

Niseme kidogo kuhusu fedha, maana kikao chetu nusu yake kilikuwa hicho. Elimu bila malipo ilianza Januari 2016. Kabla ya hapo ada ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Serikali iliichukua hiyo, na kuna ruzuku ya uendeshaji ya shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambayo sehemu yake hubaki juu kwa ajili ya vitabu. Piga hesabu ya shule ya watoto 600: ada iliyofidiwa ni milioni 12 kwa mwaka mzima. Humo mna chaki, mitihani ya ndani, mlinzi, umeme, matengenezo. Chakula hakimo. Kwa hiyo sisi tunapeleka mahindi kwa debe na maharage kwa kilo, na mchango wa mpishi na kuni. Saa nane kasoro mchana nimesimama nyuma ya jiko lile: sufuria mbili kubwa za makande, moshi unawatoa machozi, watoto wamepanga mstari na bakuli za plastiki kila moja na jina lililochorwa kwa kalamu ya moto. Wapo ambao wazazi wao hawakupeleka debe. Mwalimu wa zamu aliwapitisha pamoja na wengine bila kuangalia daftari, na mpishi hakuuliza. Mtoto aliyetembea kilomita tano asubuhi kwa sababu kondakta hataki nauli ya mwanafunzi hawezi kusoma Kemia saa tisa akiwa na njaa, na sijui kama kuna programu ya shule iliyo kubwa kuliko sufuria lile.

Jambo moja la kuangalia mbele. Shule ya msingi inashuka kuwa miaka sita. Watoto walioanza darasa la tatu Januari 2024 watamaliza la sita 2027, mwaka uleule ambao wenzao waliotangulia watamaliza la saba. Makundi hayo mawili yataingia kidato cha kwanza kwa pamoja Januari 2028. Shule yenye mikondo minne itahitaji kama minane mwaka huo, na madarasa, madawati na vyoo haviwezi kuanza kujengwa Desemba. Ukiwa na mtoto aliye kwenye kundi hilo, nenda kwenye mkutano wa kijiji au mtaa sasa, uulize kata yenu imepanga nini.

Yule mama wa kikapu alijibiwa. Mwalimu alirudi nyuma, akachora ubaoni: A, B, C, D upande mmoja, jumla na amali upande mwingine, na chini yake mshale kwenda kidato cha tatu. Kicheko kilikuwa kimekwisha. Watu wakaanza kutoa simu na kupiga picha ubao. Mama hakuwa na simu ya picha, akaomba kalamu kwa jirani akanakili yote nyuma ya fomu ya kujiunga.

Mpwa wangu amejiandikisha mtahiniwa wa kujitegemea. Somo moja tu. Mchana anauza duka la nguo, jioni anakwenda kwa mwalimu mstaafu anayemfundisha umeme na mwanga barazani, na kwa mazoezi ya vitendo shule moja ya jirani inamruhusu kuingia maabara Jumamosi. Mwezi wa kumi na moja ataingia kwenye chumba cha mtihani kutafuta alama 30.